Nati Iliyolegea: Maandalizi ya Motokaa katika Mashindano ya Safari

Watu wa pwani walijua tangu kale kwamba safari ya jahazi haianzi siku ya kutweka tanga. Huanza ufukoni, maji yakiwa yamepwa na chombo kimelala ubavu, na fundi apita ubao kwa ubao akitia pamba penye mwanya na kupaka sifa penye ukavu. Nahodha huitwa hodari baharini, lakini uhodari wake una mpaka. Ufa ambao haukutazamwa pwani, yeye hawezi kuuziba katikati ya mawimbi.

Motokaa nayo ni chombo, na mashindano ya motokaa ni safari ya namna hiyo hiyo. Hata hivyo, waliosimulia habari za mashindano ya Afrika ya Mashariki aghalabu wamesimulia matanga tu. Wametaja mwendo, vumbi, vikombe na majina ya waendeshaji. Ubao na pamba wameviacha. Lakini mtu akiitazama historia hiyo kwa utulivu ataona kwamba wengi walioshindwa hawakushindwa kwa sababu wenzao walikuwa wepesi kuliko wao. Walishindwa na vitu vyao wenyewe: bomba lililopasuka, springi iliyokatika, waya ulioingia maji, nati iliyolegea. Kushinda na kushindwa kulianza katika gereji, siku nyingi kabla ya bendera kuanguka.

Mwanzo wa mashindano ya Safari wenyewe una fundisho. Baada ya Vita Kuu ya Pili walikuwako Kenya wapenzi wa mbio za motokaa, watu wa ridhaa wasiolipwa na mtu, ambao walishindana katika uwanja wa Langa Langa, upande wa Gilgil katika Bonde la Ufa. Mmoja wa viongozi wa mambo hayo alikuwa Eric Cecil. Yasimuliwa kwamba alimtaka binamu yake, Neil Vincent, ashiriki mbio za Langa Langa, naye akakataa. Vincent hakuona raha ya kuzunguka na kuzunguka mahali pamoja. Alilolitaka ni shindano ambalo mtu ataingia garini, afunge mlango, avuke nusu ya Afrika na kurudi, na atakayetangulia kufika awe ndiye mshindi. Cecil hakulichukua jambo hilo kuwa mzaha. Kutokana na mazungumzo hayo yalizaliwa mashindano ya tarehe 27 Mei hadi tarehe 1 Juni 1953, yaliyopita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, na kupewa jina la kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, kulikofanyika London siku ya pili yake.

Tofauti ya uwanja na barabara ndefu yastahili kufahamika vema, maana ndiyo tofauti ya maradhi ya gari. Katika uwanja uliofungwa, kama Langa Langa ilivyokuwa, au kama Nürburgring ya Ujerumani, ambayo tangu ilipofunguliwa mwaka 1927 humruhusu mwenye gari la kawaida kulipa ada na kuingia, adui mkubwa ni joto. Breki hufungwa na kufunguliwa mara nyingi bila kupata nafasi ya kupoa. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa mwaka hata mwaka, na yakiisha kunywa maji ya kutosha huchemka upesi. Yakichemka huingia mvuke katika mabomba, na mvuke hubonyea. Mwendeshaji hukanyaga breki ikaenda mpaka sakafuni, na gari lisisimame. Kadhalika katika kona ndefu mafuta ya mashine hukimbilia upande mmoja wa bakuli lake, pampu ikavuta hewa badala ya mafuta, na beringi zikasagika kwa muda mfupi. Mambo hayo hayampati mwendaji wa kila siku, ambaye hageuki kona kwa nguvu namna hiyo. Ndiyo maana gari lililo zima kabisa mjini laweza kufa uwanjani kabla ya adhuhuri.

Lakini uwanja una rehema moja. Gari likifa, limekufa karibu na watu. Litavutwa kwa kamba, litafunguliwa, na mwenyewe atarudi nyumbani kwa basi. Safari haikuwa na rehema hiyo. Gari lililoharibika usiku wa manane katika milima ya Mbulu halikuwa na fundi ila wawili waliomo ndani yake, wala halikuwa na duka ila sanduku la spana lililofungwa nyuma ya kiti. Kwa hiyo swali la maandalizi, ambalo uwanjani lilikuwa swali la busara, katika Safari lilikuwa ndilo swali lote.

Cecil na wenziwe waliweka sharti ambalo liliyapa mashindano yale tabia yake. Magari yalitakiwa yawe kama yalivyouzwa dukani. Wala hayakugawanywa kwa ukubwa wa mashine, kama desturi ya Ulaya ilivyokuwa, bali kwa bei yake. Fikira ilikuwa wazi na ya kibiashara: mkulima, daktari au mfanyabiashara anayekwenda kununua gari hajiulizi ujazo wa silinda, hujiuliza fedha zake zitamnunulia chombo gani kitakachohimili njia za nchi hii. Sharti hilo lilikuwa na tunda jingine. Kwa kuwa mtu alikatazwa kuibadili mashine iwe na nguvu kuliko ilivyotoka kiwandani, aliachiwa jambo moja tu la kuzidiana na mwenzake, nalo ni uangalifu. Wote walinunua gari lile lile kwa bei ile ile. Hawakulitunza kwa macho yale yale.

Maadui wa gari katika njia za Afrika ya Mashariki walikuwa watatu: vumbi, mtikisiko na maji.

Vumbi ni adui mwenye subira. Huingia kwa pumzi ya mashine. Likiponyoka katika chujio la hewa hufika ndani ya silinda, likachanganyika na mafuta kwenye kuta zake na kuwa kama msasa. Pete za pistoni huliwa kidogo kidogo, mashine hupoteza nguvu, na moshi wa buluu hutoka nyuma kwa sababu mafuta yamepata njia ya kuungua pamoja na petroli. Vumbi huingia tena katika pointi za umeme, cheche ikadhoofika, na huingia katika ngoma za breki likazila bitana. Mwendeshaji haoni lolote katika hayo. Huona tu kwamba mlima alioupanda juzi leo haupandiki.

Mtikisiko ni adui wa kila saa. Barabara ya changarawe ikipitwa na magari mengi hujifanyia matuta madogo madogo yaliyofuatana kama mawimbi, na gari lipitalo juu yake hupigwa mamia ya mapigo kwa kila kilometa. Shokomzoba, ambayo kazi yake ni kuzizuia springi zisirukeruke, hupata moto, mpira wake ukaachia na mafuta yake yakavuja. Ikiisha kufa, springi hubaki peke yake. Hucheza kupita kiasi na majani yake hukatika moja baada ya moja. Betri hung'oka kitini pake. Bomba la petroli linalogusa chuma mahali padogo husugulika mpaka likatoboka. Bandu bandu huisha gogo, na katika mambo ya gari hakuna methali yenye kweli zaidi.

Maji hupiga kwa ghafula. Mashindano yalipohamishiwa wakati wa Pasaka yalikutana na mvua za masika, na njia zilizokuwa vumbi jana zikawa mito leo. Maji yakifika kwenye waya za plagi, umeme hupotea njia na mashine hunyamaza. Feni ikizunguka ndani ya maji huyarusha kila mahali, au mabapa yake hupinda na kuichana rejeta. Lililo baya kuliko yote ni maji kuvutwa ndani ya silinda, kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa: pistoni hupanda ikakuta ukuta, na mkono wake hupinda au kuvunjika. Baada ya mto lilikuwako tope la udongo mweusi wa mbuga, lililoziba rejeta kama plasta. Maji ya mashine yalichemka, gasketi ya kichwa cha silinda ikaungua, na safari ikaisha.

Mtu akiyafahamu hayo hatashangaa kwamba Volkswagen ndogo, gari lililodharauliwa na wengi kwa udogo wa nguvu zake, lilipata heshima kubwa katika miaka ya kwanza. Alan Dix, ambaye hutajwa kuwa wa mbele katika mashindano ya 1953, aliendesha gari hilo. Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda nalo mwaka 1954, Gus Hofmann na Arthur Burton mwaka 1957, na Tommy Fjastad na Bernhard Schmider mwaka 1962. Sababu yake si siri. Mashine yake ilipozwa kwa hewa, basi halikuwa na rejeta ya kuzibwa na tope wala mpira wa maji wa kupasuka. Chini lilikuwa bapa kama sinia, likateleza juu ya tope ambamo magari mengine yalinasa kwa mihimili yake. Mashine ilikaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, na uzito wake uliyashikiza ardhini. Kwa maneno mengine, aliyelichora, pasipo kuifikiria Afrika, alikuwa amekwisha ondoa nusu ya vitu viwezavyo kuharibika. Kitu kisichokuwapo hakivunjiki.

Waliochagua magari mengine iliwapasa kuyafanya kwa mikono yao yale ambayo kiwanda hakikuyafanya. Bamba la chuma lilifungwa chini ya mashine kulikinga bakuli la mafuta na mawe. Mabomba ya petroli na ya breki yalivikwa mpira na kufungwa upya mbali na njia ya mawe. Waya za umeme zilipakwa grisi au kufunikwa turubai. Kabla ya kuingia mtoni mkanda wa feni ulilegezwa, feni isizunguke ndani ya maji, kisha ukakazwa tena ng'ambo.

Hata hivyo kila ongezeko lilikuwa na gharama yake, na hapa ndipo palipopambanua mwenye akili na mwenye hofu. Bamba nene la chuma hulinda mashine, lakini huzuia upepo unaoipoza. Gurudumu la pili la akiba huondoa wasiwasi wa pancha, lakini uzito wake huikalia springi ya nyuma, ambayo ndiyo ilikuwa dhaifu tangu hapo. Mtu wa ridhaa, kwa kuwa ameweka fedha zake na fahari yake, hutaka kuchukua kila kitu. Naye huondoka akiwa amebeba dawa ya kila maradhi isipokuwa maradhi ya uzito, ambayo ameyaleta mwenyewe. Maandalizi yalikuwa ni kuchagua. Ilimpasa mtu ajiulize kipi kitakachovunjika, kipi kiwezacho kutengenezwa njiani, na kipi ambacho kikivunjika hakuna la kufanya.

Wazoefu walikuwa na kanuni nyingine, ambazo mpaka leo hufuatwa na kila anayelipeleka gari lake uwanjani kwa kujifurahisha. Gari jipya si gari bora. Mashine mpya ina ukavu wake na nati mpya hazijakaa. Lipelekwe kwanza njia mbaya, litoe siri zake, kisha lirudishwe likazwe upya. Kila nati ya lazima ichorwe mstari wa rangi unaoanzia juu yake na kuishia kwenye chuma kilicho chini yake. Mistari miwili ikipishana, nati imezunguka, na jicho litaliona jambo hilo kabla ya sikio kulisikia. Ni kazi ya rangi kidogo na dakika chache, lakini yamtaka mtu ajilaze chini ya gari kila linaposimama, hata kama ni usiku na mvua inanyesha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wengi walipenda kushinda, ila hawakupenda kuinama.

Miaka miwili ilidhihirisha mambo haya kuliko yote. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, na yaliyofika mwisho ni 7 tu. Mvua zilizikata njia, na miinuko kama Magara, katika nchi ya Mbulu, ikawa makaburi ya magari. Walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Mwaka 1968 yaliondoka zaidi ya magari 90, na kwa mara ya pili yakafika 7. Walioshinda walikuwa hao hao, Nowicki na Cliff, katika gari la aina ile ile. Mara moja yaweza kuitwa bahati. Lakini katika miaka miwili ambayo karibu kila gari lilikufa, watu wawili hao hao kushika nafasi ya kwanza mara zote mbili si jambo la bahati. Baina ya miaka hiyo, 1966 na 1967, Peugeot 404 lilishinda mikononi mwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell. Wote hao waliishi katika nchi hizi. Walijua ni mto upi hujaa haraka na ni mlima upi hula breki, nao waliyaandaa magari yao kwa ajili ya mahali wanapopajua.

Hakuna aliyeonyesha kweli hiyo kuliko Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932 katika jamaa ya Masingasinga, akakulia katika ufundi wa gereji ya baba yake. Mwaka 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika ya Mashariki awe mpita njia wa kwanza wa chama hicho, kazi yake ikiwa ni kuwasaidia waliokwama barabarani. Ni vigumu kufikiri chuo bora zaidi kwa mtu wa Safari. Wengine walijifunza namna ya kwenda mbio. Yeye alilipwa mshahara kutazama magari yalivyosimama. Mwaka uliofuata aliingia mashindanoni. Mwaka 1965, pamoja na ndugu yake Jaswant, aliondoka wa kwanza kwa nambari na kurudi wa kwanza kwa ushindi, akiendesha Volvo PV544 ambalo lilikuwa limekwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Gari ambalo wengine walikuwa wamemalizana nalo, yeye alilifungua, akalitengeneza, akashinda nalo. Alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, mara zote mbili katika Mitsubishi Colt Lancer akiwa na David Doig. Lakini hesabu inayosema zaidi kuliko vikombe vitatu ni hii: katika Safari 22 alizoondoka, alifika mwisho mara 19. Katika mashindano ambayo kwa mwaka mmoja yaliweza kurudisha magari 7 kati ya 84, mtu huyo karibu kila mara alirudi nyumbani kwa magurudumu yake. Alifariki mwaka 2013, na jina lake bado hutajwa.

Viwanda vya ng'ambo havikukaa mbali kwa muda mrefu. Vilipoona kwamba ushindi wa Safari ulikuwa tangazo lisilo na mfano, vilileta magari, mafundi na fedha. Mwanzo havikufaulu kwa urahisi. Mwaka 1964 Mercury ya Marekani ilileta kundi zima la magari ya Comet, mazito na yenye nguvu, na mengi hayakufika mwisho. Nissan ya Ujapani ilikuja kwa mara ya kwanza mwaka 1963, katika mwaka ule wa magari saba, ikaondoka mikono mitupu. Lakini Wajapani hawakukasirika na barabara. Walirudi mwaka baada ya mwaka, wakachukua vipande vilivyovunjika na kuvisoma kama mtu asomavyo kitabu. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda katika Datsun 1600 SSS, na mwaka 1971 wakashinda tena katika Datsun 240Z. Mwaka 1972 Hannu Mikkola na Gunnar Palm, katika Ford Escort, wakawa wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Mwaka 1973 mashindano yaliingizwa katika ubingwa wa dunia, na kuanzia mwaka 1974 yakawa yanafanyika Kenya peke yake.

Je, kuja kwa viwanda kuliharibu mashindano? Wako wanaosema hivyo, na hoja yao si nyepesi. Zamani mwenye gari alipambana na gari lake. Baadaye lilifuatwa na magari ya mafundi, na katika miaka ya 1980 hata helikopta zilitangulia juu. Kilichopimwa si macho ya mtu tena bali mfuko wa kampuni. Lakini hoja hiyo ina upande wake wa pili. Kiwanda kilichokuja kushinda kilikuja pia kujifunza, na lililojifunzwa katika njia za Mbulu na Taita lilirudi katika magari yaliyouzwa kwa watu wote. Peugeot 504, lililorithi nafasi ya 404 na kushinda mwaka 1975 kwa Ove Andersson na Arne Hertz, ndilo lililobeba abiria wa Kenya kwa miaka mingi kutoka mji hadi mji, watu wakibanana ndani yake pamoja na mizigo yao. Sharti la Cecil lilitaka shindano limwonyeshe mnunuzi gari la kununua. Kwa njia ambayo yeye hakuikusudia, likawa limetimia.

Tena haifai kuutamani wakati wa ridhaa kana kwamba ulikuwa wakati wa haki. Mashindano ya kwanza yalifanyika wakati Kenya ikiwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Katika mwezi ule ule ambao magari 57 yalivuka mipaka ya nchi tatu kwa kujifurahisha, watu wa Kikuyu, Embu na Meru walikuwa wamebanwa kwa amri za serikali. Uhuru wa kufunga mlango wa gari na kuvuka nusu ya Afrika haukuwa wa kila mtu. Waliokuwa na magari walikuwa Wazungu na Wahindi. Jambo jema lililotokea ni kwamba Preston, Mzungu, na Marwaha, Mhindi, walikaa katika gari moja na kushinda pamoja mwaka 1954 na mwaka 1955, katika nchi ambayo hata shule na hospitali zilitengwa kwa rangi. Barabara haikuuliza rangi ya mtu, iliuliza hali ya shokomzoba yake. Lakini Mwafrika hakuwamo katika viti viwili vile.

Je, hakuwapo kabisa? Orodha za washindi zina majina mawili kwa kila gari, mara chache matatu. Hazina jina la aliyelala chini ya gari usiku ule wa mwisho. Katika gereji za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kazi ya mikono ilifanywa kwa sehemu kubwa na mafundi na wasaidizi wa Kiafrika, watu walioanza wakiwa matandiboi wa malori, wakajifunza kwa kutazama, na kuifahamu mashine kwa kuisikiliza. Walijua sauti ya beringi inayotaka kufa kama mfugaji ajuavyo kikohozi cha ng'ombe wake. Maarifa hayo hayakuandikwa, kwa hiyo mwanahistoria huyapita. Lakini kukaa kimya kwa karatasi si ushahidi kwamba mtu hakuwapo. Kama ni kweli kwamba Safari ilishindwa au ilishindaniwa katika gereji, basi historia iliyoandikwa ya Safari imeandika nusu ya washindani. Majina ya vikombe yamehifadhiwa. Majina ya mikono iliyokaza nati yamekwenda na wenyewe. Wako wazee wa gereji ambao wangali hai, na kuwauliza ni kazi inayowangojea wanafunzi wa leo kabla saa haijapita.

Mashindano yaliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, na yalirudishwa mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha. Siku hizi mbio zenyewe ni za kilometa mia chache katika njia zilizofungwa, si kilometa 5,000 za njia za watu, na baada ya kila mkupuo magari hurudi katika kituo cha mafundi. Kwa namna fulani Safari imeikaribia tena Langa Langa ambayo Neil Vincent aliikimbia. Tangu mwaka 2003 yamekuwako pia mashindano ya magari ya zamani, ambamo watu wengi wa ridhaa hutumia fedha zao na likizo zao kupita katika vumbi lile lile kwa magari ya umri wa baba zao. Hapo vumbi, mtikisiko na maji hawajabadilika hata kidogo. Chujio la hewa lisilosafishwa leo huua mashine sawasawa na lilivyoiua mwaka 1953.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wazee waliosema hivyo hawakuiona motokaa, lakini waliona jahazi na nyumba, nao walijua kwamba maangamizi huanza na kitu ambacho mtu alikiona akasema kitangoja. Nati iliyolegea haina kelele. Haimwombi mtu aitazame, wala haimwambii ni saa ngapi itakapotoka. Aliye tayari kuinama kuitafuta huweza kufika, na asiye tayari hujifunza habari yake kando ya njia, taa zake zikififia, huku akitazama vumbi la waliopita.